Msumari au Bamba: Vyuma Vinavyoshikilia Mguu Uliovunjika Hadi Mfupa Uunge

Mtu akivunjika mguu na kuambiwa atawekewa vyuma, swali la kwanza huwa: "Hivyo vyuma vitaunga mfupa baada ya muda gani?" Swali ni la haki, lakini limebeba kosa linalozaa makosa mengine baada ya upasuaji. Chuma hakiungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe, kwa damu yake na chembe hai zake, na ulikuwa ukifanya hivyo kabla hapajakuwa na chumba chochote cha upasuaji. Kazi ya chuma ni kushikilia vipande mahali pake, kwa urefu na mwelekeo sahihi, wakati mfupa unajijenga. Chuma nacho kina umri wake. Kila hatua anayopiga mgonjwa hukipinda kidogo sana, na waya unaokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mwishowe hukatika. Kwa hiyo tangu siku ya upasuaji kuna mbio: mfupa uwahi kuunga kabla chuma hakijachoka. Karibu kila uamuzi wa daktari wa mifupa, kuanzia aina ya chuma hadi siku ya kuruhusu kukanyagia mguu, unatokana na mbio hizo.

Si kila mvunjiko unahitaji chuma. Mfupa wa muundi uliopata ufa bila kuhama, au uliohama kidogo ukarudishwa na kutulia, unaweza kuunga vizuri ndani ya plasta. Paja ni habari nyingine. Misuli yake ni mikubwa na yenye nguvu, na mfupa ukishakatika huvuta vipande hadi kimoja kikapanda juu ya kingine, mguu ukafupika kwa sentimita kadhaa. Ndani ya paja lililovunjika, hata bila jeraha la nje, inaweza kumwagika lita 1 hadi 1.5 za damu. Plasta haiwezi kuishinda misuli hiyo. Zamani mgonjwa alilazwa huku mguu ukivutwa kwa uzito kwa wiki 6 hadi 12, na kitanda chenyewe kikamletea vidonda vya mgongo, damu kuganda mishipani, nimonia na goti lililokakamaa. Mgonjwa aliyepigwa msumari, yaani fimbo ya chuma iliyoingizwa ndani ya mfupa, kwa kawaida husimama na magongo siku moja au mbili baada ya upasuaji. Tofauti hiyo imeokoa maisha ya watu wengi.

Mtikisiko kiasi gani?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wasomaji wengi hupitia mbio. Mfupa una njia mbili za kuunga. Ya kwanza ndiyo ya asili: ncha za mfupa zinatikisika kidogo, damu iliyovuja inaganda, panaota tishu laini, kisha gegedu, kisha nundu ya mfupa mchanga inayozunguka mvunjiko kama udongo uliokandikwa kwenye ufa wa mtungi. Kwa mtu mzima nundu hiyo huanza kuonekana kwenye eksirei karibu na wiki ya 6. Njia ya pili hutokea pale tu vipande vinapogusana na kubanwa hadi visitikisike kabisa. Hapo hakuna nundu. Chembe hai za mfupa huvuka moja kwa moja kutoka kipande hadi kipande, zikila mfupa wa zamani mbele yao na kuacha mpya nyuma. Njia hii ni ya polepole na haisamehi. Pakiwa na pengo au mtikisiko, haifanyiki.

Hesabu yake iliwekwa wazi na Mswisi Stephan Perren, na inaeleweka bila kuwa daktari. Tuseme pengo kati ya vipande ni milimita 1, na kila hatua inalitikisa kwa nusu milimita. Tishu iliyo ndani ya pengo hilo inavutwa kwa asilimia 50 ya urefu wake. Mfupa hauvumilii zaidi ya asilimia 2 hivi, gegedu takriban 10, na ni tishu laini changa tu inayohimili zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba ndani ya pengo hilo mfupa hauwezi kuzaliwa. Sasa chukua mfupa uliosagika kwa urefu wa milimita 20, na mtikisiko uwe uleule wa nusu milimita. Ukigawanyika kwenye urefu wote huo, ni asilimia 2.5 tu. Gegedu inaota, na kadiri nundu inavyokakamaa mtikisiko unapungua na mfupa unafuata.

Ndiyo maana mvunjiko uliosagika, unaotisha ukiutazama kwenye picha, mara nyingi huunga vizuri ukishikiliwa na chuma kinachoruhusu mtikisiko mdogo, ilhali mvunjiko mmoja msafi ulioachwa na kipengo kidogo hugoma. Msumari hufuata njia ya kwanza. Bamba, yaani chuma bapa kinachofungwa juu ya mfupa kwa skrubu, linaweza kufuata yoyote kati ya hizo mbili, na hatari yake iko hapo: daktari asipoamua mapema ni ipi, mgonjwa anaweza kukosa zote mbili.

Msumari: fimbo ndani ya mfereji wa uboho

Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kupiga misumari ya paja mjini Kiel mwaka 1939. Wazo lake lilikuwa rahisi: mfupa mrefu una mfereji katikati, basi weka fimbo ndani yake. Misumari ya kwanza ilishika kwa kubana kuta za mfereji tu, hivyo mfupa uliosagika ulifupika na kuzunguka juu ya fimbo. Skrubu zinazopita kwenye mfupa na kwenye matundu ya msumari, juu na chini, ndizo zilizotatua tatizo hilo na kuufanya msumari kuwa chaguo la kwanza kwa mivunjiko ya katikati ya paja na muundi.

Msumari wa paja kwa mtu mzima huwa na kipenyo cha milimita 9 hadi 13, umepinda kidogo kufuata upinde wa mfupa, na kwa kawaida una uwazi katikati. Wa muundi mara nyingi ni wa milimita 8 hadi 11. Tofauti hizi zinaonekana ndogo, lakini ukinzani wa fimbo dhidi ya kupinda hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Fimbo nzima ya milimita 12 ina ukinzani mara mbili ya ile ya milimita 10. Anayechagua msumari mwembamba ili kuokoa dakika 10 anaikopa nafasi hiyo kwenye mbio tulizozitaja.

Kazi yenyewe huenda hivi. Antibayotiki, mara nyingi cefazolin gramu 2, huingia mshipani ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Mguu huvutwa hadi vipande vikae kwenye mstari, kwa kawaida bila kufungua mvunjiko, ili damu iliyoganda na utando unaolisha mfupa visiguswe. Kisha hutafutwa tundu la kuingilia. Kwenye paja, likitobolewa kutoka juu, huwa ni kwenye ncha ya nundu kubwa ya nyonga au kwenye kishimo kilicho kando yake ndani. Likitobolewa kutoka chini, ni katikati ya goti. Kwenye muundi ni juu kabisa ya mfupa, kwenye ukingo wa mbele wa goti. Milimita chache hapa ni jambo kubwa. Msumari haujui tulikokusudia. Utafuata tundu, na tundu likikosewa utauburuta mfupa upinde nao. Mvunjiko wa theluthi ya juu ya muundi ni maarufu kwa hilo: mfereji hapo ni mpana kuliko msumari, na mfupa huchongoka mbele na kuangukia upande. Dawa yake ni skrubu moja au mbili zinazowekwa kwa makusudi kwenye njia isiyotakiwa, ili msumari ulazimike kupita katikati.

Tundu likipatikana, waya wa kuongozea hupitishwa hadi upande wa pili wa mvunjiko, na urefu hupimwa juu yake. Kisha mfereji hupekechwa kwa keekee zinazoongezeka kwa nusu milimita kila mara. Mwanzoni keekee huteleza kwenye uboho laini bila sauti. Ghafla mkono unaanza kutetemeka na sauti inakuwa ya mkwaruzo: hapo kuta ngumu zimeguswa. Huongezwa hatua chache, hadi mfereji uwe mpana kuliko msumari kwa milimita 1 hadi 1.5. Unga wa mfupa unaosalia kwenye mvunjiko ni mbegu nzuri ya nundu. Keekee butu, au kuisukuma kwa nguvu kwenye mfereji mwembamba, huunguza mfupa kutoka ndani. Kwa sababu hiyohiyo mkanda wa kuzuia damu haukazwi wakati muundi unapekechwa, maana damu inayopita hupooza joto.

Msumari unapoingia unatakiwa uende mbele kwa kila pigo jepesi. Ukigoma, usigongwe zaidi. Hutolewa, mfereji ukaongezwa nusu milimita, ukarudishwa. Anayeendelea kugonga anaupasua mfupa.

Skrubu za upande wa kuingilia hulengwa kwa fremu iliyofungwa kwenye kichwa cha msumari. Za mwisho wa mbali ni ngumu zaidi, kwa sababu msumari umeshapinda kidogo njiani na fremu haiaminiki tena. Kwenye mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, tundu hutafutwa hadi lionekane duara kamili; likionekana kama yai, pembe imekosewa na skrubu itapita kando. Pasipo na mashine hiyo bado kuna njia: msumari wa SIGN, uliotokana na kazi ya daktari Lewis Zirkle wa Marekani, ni fimbo nzima isiyo na uwazi, mfereji hupekechwa kwa mkono, na matundu hutafutwa kwa fremu ndefu pamoja na kifaa kinachoingizwa mfupani kulihisi tundu lenyewe.

Kabla ya kufunga upande wa pili kuna mambo mawili ambayo hayarudi nyuma kirahisi. La kwanza ni pengo: upande wa mbali ukishafungwa, msumari hugongwa kurudi nyuma kidogo ili ncha zikutane, hasa mvunjiko ukiwa mmoja msafi. La pili ni mzunguko. Paja likifungwa likiwa limezunguka zaidi ya nyuzi 15, mgonjwa atatembea vidole vikitazama ndani au nje maisha yake yote, au arudi kupasuliwa. Kosa hili linauma kwa sababu linazuilika: mguu mzima hulinganishwa na uliovunjika, nyonga huzungushwa pande zote, na kuta za mfupa juu na chini ya mvunjiko huangaliwa kama zina unene sawa. Likigundulika mgonjwa angali amelala mezani, kulirekebisha ni kazi ya dakika chache.

Bamba: pale msumari usipofika

Karibu na kiungo mfereji hupanuka kama tarumbeta, na msumari hauna cha kukamata. Mvunjiko ukiingia ndani ya goti au kifundo cha mguu, uso wa gegedu unatakiwa urudi karibu kama ulivyokuwa. Ngazi ya zaidi ya milimita 2 hivi kwa kawaida haikubaliki, maana kiungo huanza kusagika. Hapo bamba na skrubu ndivyo vinavyotumika.

Bamba la kubana lina matundu yenye mteremko. Skrubu ikiingizwa upande wa tundu ulio mbali na mvunjiko, kichwa chake kikishuka huteleza kwenye mteremko huo na kukivuta kipande cha mfupa kuelekea mwenzake kwa milimita 1 hivi. Bamba lililonyooka kabisa hubana ukuta ulio chini yake na kuacha wa upande wa pili ukiwa wazi. Kwa hiyo hukunjwa kidogo kwanza, milimita 1 au 2 ziachwe kati yake na mfupa, ili likikazwa kuta zote mbili zibanwe. Kwa skrubu ya milimita 4.5 tundu hutobolewa kwa keekee ya 3.2, huku maji ya chumvi yakimwagwa. Joto la nyuzi 47 likidumu dakika moja hutosha kuua mfupa unaozunguka tundu, na skrubu iliyokaa kwenye mfupa mfu hulegea.

Bamba la kufunga ni tofauti. Vichwa vya skrubu zake vina hesi zinazojisokota kwenye hesi za bamba, hivyo vyote vinakuwa fremu moja. Linafaa sana kwenye mfupa laini wa wazee na karibu na viungo. Lakini skrubu hiyo haiwezi kuuvuta mfupa uje kwenye bamba. Vipande vilivyokaa vibaya vitafungwa hivyohivyo vibaya, kwa uimara mkubwa. Kwanza mfupa unyooshwe na kubanwa, ndipo ufungwe.

Kwa mfupa uliosagika, bamba refu huteleza chini ya misuli kupitia majeraha mawili madogo na kuruka eneo lililosagika kama daraja. Kanuni inayotumika ni bamba liwe na urefu mara 2 hadi 3 wa eneo lililosagika, au mara 8 hadi 10 kama mvunjiko ni mmoja mwembamba, na skrubu zijaze chini ya nusu ya matundu. Juu ya mvunjiko mwembamba, matundu 2 au 3 huachwa wazi. Wengi hudhani tundu tupu ni uzembe. Ni kinyume chake: skrubu mbili zilizobana mvunjiko kwa karibu hulazimisha kipande kifupi cha bamba kupinda kwa kila hatua, na hapo ndipo linapokatika.

Kosa tunaloliona likijirudia ni bamba fupi la kufunga, kila tundu likiwa na skrubu, na kipengo cha milimita 2 kikiwa kimeshikiliwa kwa nguvu kati ya vipande. Hakuna mbano wa kuunga bila nundu, wala mtikisiko wa kuotesha nundu. Picha za miezi ya kwanza zinapendeza kwa unadhifu. Mwezi wa 5 au wa 6 mgonjwa anasikia "pwa!" akiinuka kitini, na eksirei inaonyesha bamba limekatika kwenye tundu lililo juu kabisa ya mvunjiko. Watu hulaumu ubora wa chuma. Chuma kilishikilia hadi kikachoka. Mfupa haukupewa nafasi ya kuunga.

Ngozi huamua tarehe

Muundi kwa mbele hauna misuli, ni ngozi juu ya mfupa. Mvunjiko wa karibu na goti au kifundo ukipasuliwa ngozi ikiwa imevimba, ikimetameta na kutoa malengelenge, jeraha halifungi, na bamba hubaki wazi. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuwekewa kwanza vyuma vya nje, vile vinavyojulikana na wengi kama antena, kisha akasubiri siku 7 hadi 14. Ngozi ikianza kufanya mikunjo, wakati umefika. Ndugu za mgonjwa huona kusubiri huko kama kutelekezwa, na madaktari tunapaswa kuwaeleza mapema.

Mfupa ukitoka nje, hesabu ni nyingine. Antibayotiki iingie haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 1 tangu ajali. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu na mguu ufungwe gango. Mfupa usisukumwe ndani barabarani. Kisha jeraha hufunguliwa, tishu zilizokufa na vipande vya mfupa visivyo na damu hukatwa, na huoshwa kwa lita 3 hadi 9 za maji ya chumvi kulingana na ukubwa na uchafu wake. Kuosha hakufidii kukata. Maji mengi juu ya misuli iliyokufa ni kazi bure.

Kuna dharura moja ambayo kila anayemuuguza mtu aliyevunjika muundi aijue, kabla na baada ya upasuaji. Misuli ya muundi imefungwa ndani ya vyumba 4 vyenye kuta zisizotanuka. Uvimbe ukiongezeka, shinikizo huzuia damu, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Dalili yake ni maumivu yanayozidi kiasi, yasiyosikia dawa, na yanayopanda sana vidole vya mguu vikikunjwa au kunyooshwa na mtu mwingine. Usisubiri mguu uwe baridi wala mapigo ya damu yapotee. Hayo huja kwa kuchelewa. Plasta na bandeji hukatwa papo hapo, na nafuu isipopatikana vyumba vyote 4 hupasuliwa.

Baada ya kutoka wodini

Aliyepigwa msumari katikati ya paja au muundi mara nyingi huruhusiwa kukanyagia mguu mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu, na kukanyaga huko kunachochea nundu. Mwenye bamba kwenye uso wa kiungo kwa kawaida huambiwa asikanyagie kwa wiki 6 hadi 12, ingawa goti au kifundo chenyewe kianze mazoezi mapema. Si haki wagonjwa hao wawili wakalinganishwa. Wote hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa kadiri ya hatari yao. Uvutaji sigara huchelewesha mfupa kuunga, na kisukari kisichodhibitiwa huleta maambukizi. Haya mawili yamo mikononi mwa mgonjwa kuliko chuma.

Paja na muundi huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga. Picha hupigwa pande mbili, ya mbele na ya ubavuni, ambazo kwa pamoja zinaonyesha kuta 4. Mfupa huhesabiwa umeunga kuta 3 zikiwa zimevukwa na mfupa mpya na mgonjwa akikanyaga bila maumivu pale ulipovunjika. Ukigoma, suluhisho hutegemea sababu. Mtikisiko ukizidi, msumari hubadilishwa kwa mnene zaidi. Skrubu zikiwa zinatenganisha ncha, baadhi hutolewa ili mfupa ujibane. Damu ikiwa haba, hupandikizwa mfupa kutoka nyonga. Na kabla ya yote hayo hutafutwa maambukizi, kwa sababu mfupa wenye usaha unaweza kugoma bila homa yoyote. Jeraha linalotoa majimaji baada ya wiki ya kwanza si la kutuliziwa vidonge nyumbani: bakteria hujijengea utando juu ya chuma ambao dawa haiupenyi vizuri, na kila siku inayopita inapunguza nafasi ya kuliosha na kukiokoa chuma.

Mfupa ukishaunga, vyuma vinaweza kubaki mwilini maisha yote. Hutolewa vikikera, vikiwa na maambukizi, au kwa watoto wanaokua. Kwa mtu mzima husubiriwa angalau mwaka kwa muundi, na miezi 18 hadi 24 kwa bamba la paja. Bamba likitoka, matundu ya skrubu hubaki kama mashimo kwenye ukuta, na mfupa unaweza kuvunjika kupitia mojawapo. Mgonjwa anaweza kutembea kesho yake, lakini mpira, kuruka na kubeba mizigo mizito visubiri miezi 3 hadi 4, hadi mashimo hayo yajazwe na mfupa.